Stesheni ya mwisho wa reli: niliyowaambia watu wa Kigoma

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mbele ya wazee, kina mama na vijana wa mjini kwetu. Wengi mliniomba niyaandike, kwahiyo nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, pale nilipokatishwa na muda nimeongezea kidogo.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu poleni na majukumu, najua wengine mmeacha biashara zenu mje hapa. Na nyie vijana mliobaki huko nyuma kwenye kivuli cha mwembe sogeeni basi, sina sauti ya kupiga kelele mpaka huko, na leo nataka mnisikie vizuri nyie kuliko mtu mwingine yeyote.

Nimeombwa niongee kuhusu stesheni yetu. Sio kwa sababu mimi ni msomi wa historia, hapana, mimi ni mtoto wa kota za reli, baba yangu alikua mtu wa gengi, wale wanaotembea juu ya njia kukagua na kukaza, na mama yangu alikua anauza mawese na dagaa kwa kupakia kwenye treni hiyohiyo aliyokua anaihudumia baba. Yaani chakula nilichokula utotoni chote kimetoka pale chini, mwisho wa barabara ya Lumumba. Alafu mwezi uliopita kijana mmoja, kijana mzuri tu na mimi nampenda, akaniambia mzee reli mpya ya kisasa, SGR, ikifika lile jengo la stesheni la Mjerumani si livunjwe tu tupate sehemu ya kupaki magari. Sikumjibu siku ile. Nilirudi nyumbani nikakaa nalo, nikaona hajakosea yeye, tumekosea sisi ambao hatukumwambia kitu. Leo namjibu.

Tuanzie mbali kidogo. Kabla ya reli mtu akitaka kutoka pwani aje huku ziwani alikua anatembea kwa miguu, na sio safari ya wiki moja. Wale Waingereza wawili Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, karibu miezi minane, na Speke alifika macho yakiwa hayaoni vizuri kwa ugonjwa na Burton miguu haimbebi. Stanley nae mwaka 1871 alitumia miezi ya namna hiyohiyo kutoka Bagamoyo mpaka alipomkuta Livingstone pale Ujiji. Na hao ndo tunaowataja kwa majina kwa sababu waliandika vitabu, ila mzigo waliubeba watu, Wanyamwezi wengi sana, mtu ana furushi la vitambaa au shanga au waya begani akienda, akirudi ana jino la tembo. Na wengine walikua wanarudi wakiwa wamefungwa minyororo, maana Ujiji ilikua pia soko la watumwa, tusilifiche hilo. Miembe ile mikubwa mnayoiona Ujiji ni kumbukumbu ya hiyo njia. Kwahiyo mkisikia babu zetu waliita treni gari moshi kwa mshangao msione wajinga, mtu alieona safari ya miezi minane ikageuka kua ya siku mbili ana haki ya kushangaa!

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905. Mwisho wa 1907 wakawa Morogoro, 1910 wakawa Dodoma, 1912 Tabora, na Februari 1914 reli ikagusa Kigoma. Kilomita zaidi ya 1,200, reli ya mita moja upana, yaani kutoka chuma hiki mpaka chuma kile ni milimita 1,000. Waliochimba udongo, waliopasua mawe, waliobeba vyuma ni maelfu ya watu weusi, Wanyamwezi tena, na Wasukuma, na makabila mengine mengi, kazi ya sururu na karai. Wengine walijileta kutafuta hela ya kodi maana kodi ililetwa kwa makusudi hayo, umlazimishe mtu atafute hela. Ukipita kwenye njia ya zamani angalia mataruma, yale yanayolala chini ya reli, utaona ya chuma sio mbao. Baba alinieleza kwanini, ni mchwa. Ukilaza mti kwenye nchi hii ya mchwa baada ya miaka michache unabaki na unga, wakaona bora walete chuma kutoka kwao pamoja na gharama yake yote. Nayasema haya ili mjue hakuna kitu pale chini kilichowekwa kwa bahati tu, kila kitu kina sababu.

Na hata stesheni kua pale ilipo kuna sababu, na hii ndo nataka muishike. Mji mkubwa ulikua Ujiji. Waarabu, Waswahili, Wamanyema kutoka ng'ambo, msikiti, soko, misafara yote mwisho wake Ujiji. Kwanini basi reli haikwenda Ujiji? Kwa sababu pwani ya Ujiji iko wazi, upepo ukija unakuja wote, na maji ya karibu na ufukwe hayana kina cha kutosha meli kubwa. Ghuba ya Kigoma imeingia ndani, vilima vimeizunguka, maji yana kina. Reli haikua inatafuta mji, ilikua inatafuta sehemu ambayo behewa litasimama huku na meli itasimama kule na mzigo upite katikati bila shida. Ndo ikazaliwa Kigoma hii ya mjini. Wazee wa Ujiji mpo hapa mtanisamehe, najua bado mnasema Kigoma ni mtoto na Ujiji ni mama, na ni kweli, ndo maana hata manispaa yetu inaitwa Kigoma Ujiji, ila ghuba ndo iliamua. Stesheni yetu tangu siku ya kwanza ni ya reli na maji.

Sasa lile jengo. Nendeni siku moja asubuhi, sio kupiga picha ya mtandaoni mkaondoka, mkae. Matao yale ya chini yamewekwa ili jua la saa tisa lisikuingilie ndani na upepo wa ziwa upite. Kuta ni nene, ukiweka kiganja saa nane mchana unakuta ukuta bado una ubaridi wa usiku. Ghorofa juu, veranda, mtu anasimama anaona ziwa. Wamejenga jengo kubwa kuliko mji wenyewe wa wakati ule ulivyokua, maana walidhani watakaa hapa milele, walishapanga hadi maonyesho makubwa pale Dar es Salaam Agosti 1914 kusherehekea reli kufika ziwani. Agosti hiyohiyo Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Reli yetu ilikua imekaa na amani miezi sita tu.

Na hapa niwaambie habari ya meli, maana huwezi kuisema stesheni ya Kigoma ukaiacha Liemba. Ile meli haikujengwa hapa. Ilijengwa Ujerumani mji wa Papenburg mwaka 1913, wakaifunga kwa bolti kwanza kuhakikisha kila kipande kinakaa, wakaifungua tena, wakaitia kwenye masanduku kama 5,000 hivi, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, alafu masanduku yakapanda treni yakaja kushushwa hapa Kigoma. Hebu fikirini hiyo kazi, meli nzima inakuja vipandevipande kwenye mabehewa, mtu anatafuta sanduku gani lina kipande gani, na nchi iko vitani. Walikuja mafundi watatu tu kutoka kwenye kiwanda kuja kuiunganisha pamoja na vibarua wa hapa. Ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Kuna manowari ya Kijerumani ilikua imekwama kule Rufiji, Königsberg, ilipoharibiwa mizinga yake ikaokolewa ikagawanywa, mmoja ukaletwa mpaka huku ukafungwa kwenye Götzen.

Wabelgiji nao ng'ambo ya ziwa hawakulala, walikua wamefikisha reli yao pale panapoitwa Kalemie saivi mwaka 1915, wakaleta ndege zinazotua majini zikaja kudondosha mabomu hapa ghubani mwaka 1916. Kigoma! Watu wa hapa wengi hawajawahi kuona hata baiskeli wanaona ndege inadondosha moto. Mwezi wa saba 1916 Wajerumani wakaona mambo yameharibika, wakaizamisha meli wenyewe, ila kabla ya kuizamisha wale mafundi wakazipaka mashine zake grisi nzito, kama mtu anaeficha kitu akijua atarudi kukichukua. Hawakurudi wao. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, wakakuta mashine bado nzima, na 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Imesafirisha watu kwenye ziwa hili kwa vizazi. Kila bati la hiyo meli limepita kwenye stesheni yetu, limepita juu ya reli zetu, hakuna njia nyingine lingefika.

Baada ya vita Wabelgiji walikaa hapa Kigoma mpaka 1921. Kuondoka wakakubali, ila kwa masharti, wakapewa eneo lao bandarini hapa na lingine Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Wenyewe wakapaita Belbase. Mali ya Kongo, Burundi na Rwanda ilikua inashuka ziwani, inapanda mabehewa hapa, inakwenda baharini. Kwahiyo mtu akikuambia Kigoma ni mwisho wa dunia mwambie kuna nchi tatu zilikua zinapitisha riziki yake hapa.

Miaka ya Mwingereza sitaisema sana, waliunganisha Tabora na Mwanza mwaka 1928, mwaka 1948 reli zote za Afrika Mashariki wakaziweka chini ya shirika moja, na shirika lile likaendelea mpaka Jumuiya ilipovunjika 1977 kila nchi ikachukua mabehewa yake. Mimi nilikua mdogo, nakumbuka tu watu wazima wa kota wamekaa vikundivikundi jioni wanaongea kwa sauti ya chini, na baba akija na sare yenye herufi mpya. Baadae ukaja ubinafsishaji mwaka 2007, serikali ikalirudisha shirika mikononi mwake baada ya miaka michache, na kuanzia 2017 tuna Shirika la Reli la saivi. Wenye kumbukumbu zaidi ya hapo wapo, waulizeni.

Ninachotaka kuwapa mimi ni kile kisichoandikwa, kazi yenyewe.

Baba alikua anaamka saa kumi na moja alfajiri. Ana nyundo ya mpini mrefu, ana spana kubwa kama mkono wangu, ana bendera mbili, nyekundu na kijani. Kipande chao cha njia wanakijua kama mwanamke anavyojua jiko lake, anajua pale kwenye kona baada ya kalavati udongo unashuka kila masika, pale reli inapanuka mchana kwa joto. Kazi yake kubwa ilikua kusikiliza. Anapiga bolti kwa nyundo, bolti iliyokaza inalia ting, kali, inakwenda mbali. Iliyolegea inalia tup, kama umepiga gogo. Likizo moja alinichukua nikatembea nae asubuhi nzima, ananiambia hii unasikiaje, nasema nzima, hii je, nasema nzima, akanitazama akapiga tena, akasema sikiliza, usikisie. Ilikua imelegea. Akaikaza, akapiga, ting. Alafu akasema kitu ambacho sijakisahau, kesho mama yako anapita hapa na madumu yake.

Mama nae alikua na utaratibu wake wa stesheni. Mawese yakiwekwa kwenye dumu bila uangalifu yanavuja, na yakivuja kwenye behewa umegombana na kila abiria na umeharibu mzigo wa watu. Kwahiyo anachukua kipande cha nailoni anakunja mara mbili anafunika mdomo wa dumu, anafunga kwa kamba ya mpira wa tairi, ndo anakaza kifuniko juu yake, alafu analilaza dumu kwenye saruji usiku kucha. Asubuhi anaangalia chini, akiona tone jekundu dumu hilo halisafiri. Dagaa kwenye magunia, wamekaushwa vizuri, ukitikisa wanalia kama majani makavu. Uvinza watu wanapakia chumvi, chumvi ile imevunwa tangu enzi na enzi kabla ya mgeni yeyote, Nguruka wanapandisha samaki, ukikaribia Urambo na Tabora madirishani wanauza asali kwenye chupa. Treni ile lilikua soko linalotembea, mama alikua anaondoka na mawese anarudi na vitenge na sufuria, na sisi tunamngoja pale chini ya matao, tumekaa kwenye sakafu, tunashindana nani ataona taa ya kichwa cha treni kwanza.

Ndo maana nasema huduma za stesheni sio anasa. Mtu asiewahi kusafiri kwa treni anadhani stesheni ni dirisha la kukata tiketi basi. Hii ni stesheni ya mwisho, na stesheni ya mwisho ina kazi ambazo ya katikati haina. Treni ikiingia hapa kichwa kinakua mbele upande wa ziwa, hakiwezi kurudi hivohivo, lazima kikatwe, kipite njia ya pembeni, kizunguke kije kufungwa upande wa pili. Mabehewa yafagiliwe, yaoshwe, matenki ya vyoo na ya kunawia yajazwe maji, breki zikaguliwe, maana safari inayofuata ni siku mbili. Mabehewa ya mizigo yasukumwe mpaka bandarini. Alafu abiria, kuna wa daraja la tatu mwenye watoto wanne na kuku, kuna wa kulala, kuna mgonjwa anapelekwa hospitali kubwa, kuna Mkongo ameshuka kwenye meli jana na hajui Kiswahili chetu hiki anajua kile cha kwao, kuna Mrundi. Hawa wote wanafika mapema, masaa mengi kabla, wengine siku moja kabla kwa sababu wametoka vijiji vya ziwani kwa boti mpaka Kibirizi na boti haingoji ratiba ya treni. Wanakaa wapi? Hapo ndo utajua stesheni ni nyumba.

Na treni huchelewa. Tusidanganyane, hii reli ni njia moja, treni mbili zinapishana stesheni tu, moja ikichelewa kule Tabora nyingine inangoja. Na kuna bonde la mto Mkondoa kati ya Kilosa na Gulwe, mto unajaa mchanga, unahama njia, mvua kubwa ikija unachukua tuta na reli juu yake. Mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata njia kule, ikawa miezi hakuna treni ya kutoka Dar. Wenye maduka mnakumbuka. Tulijua siku zile kwamba kumbe mji huu unapumua kwa pua moja. Barabara ya lami ilikua bado haijatufikia vizuri, lori linakaa siku njiani, kila kitu cha dukani kikapanda, saruji, sukari, vyote. Nilipita stesheni jioni moja, hakuna mtu, mbuzi wamelala kwenye jukwaa la abiria, nikahisi kama nimeingia nyumba yenye msiba.

Na mwaka 2015 ndugu zetu Warundi walipokimbia, maelfu walikwama kule Kagunga ufukweni, hakuna barabara, Liemba ikaenda kuwachukua makundi kwa makundi ikawaleta hapa bandarini, wakafikia uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Meli ileile iliyokuja kwenye masanduku, imeletwa kwa ajili ya vita, ikaishia kuokoa watoto wachanga. Niliwaona wakishuka, mama mmoja ameshika sufuria tu, hana kingine. Nilimkumbuka mama yangu na madumu yake nikashindwa kuongea.

Sasa SGR. Mimi naitaka, tena naitaka sana, asije mtu akasema mzee fulani anapinga maendeleo. Dar mpaka Dodoma inatembea tangu 2024, nimeipanda, masaa machache umefika, nilikaa dirishani kama mtoto. Mkataba wa Tabora mpaka Kigoma umesainiwa Desemba 2022, kilomita 506 ukihesabu na njia za kupishania, na kuna tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kwenye nikeli. Ni jambo kubwa. Ila upana wake ni milimita 1,435, treni yake haiwezi kuingia kwenye reli yetu ya mita moja, kwahiyo lazima ije na njia yake na stesheni yake, na hapo ndo kuna maamuzi, na maamuzi yakifanyika sisi tumekaa kimya tusije kulia baadae.

Angalieni wenzetu. Mombasa walipata SGR 2017, stesheni ikajengwa Miritini, nje ya kisiwa, abiria anashuka pale alafu anaanza kutafuta matatu ya kumleta mjini, na ile stesheni ya zamani iliyokua katikati ya mji, mahali watu walipokua wanashuka na kwenda kwa mguu mpaka wanakotaka, ikanyamaza. Morogoro stesheni mpya iko Kihonda, sio pale pa zamani. Dar es Salaam wao waliiweka mpya karibu kabisa na ile ya zamani, unatoka kwenye moja unatembea mpaka kwenye nyingine, hapo mimi nawapongeza kabisa. Kila mahali kuna sababu zake, ardhi, fidia, kona za njia, sikatai. Lakini sisi sababu yetu ni ghuba. Ziwa haliwezi kuhamishwa. Abiria wa Kalemie, wa Bujumbura, wa Kagunga, mzigo wa Kongo, vyote vitaendelea kushukia palepale, kwahiyo popote stesheni mpya itakapowekwa lile jengo lina kazi, likatie watu tiketi, lipokee mizigo, liwe na basi au treni ndogo ya kuwaunganisha. Ukilifanya jengo la kuangaliwa tu litakufa, nyumba isiyolaliwa inabomoka haraka kuliko nyumba ya watoto kumi.

Na ombi langu kwa wote wenye mamlaka, na hapa simlaumu mtu, naomba tu kama anaeomba nyumbani kwake. Siku wakilikarabati wafikirie yule wa daraja la tatu kwanza. Maji ya kunywa bombani, ya bure. Choo kilicho wazi usiku, na chumba ambacho mama anaweza kumbadilisha mtoto na kumnyonyesha bila kutazamwa. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu mpaka mlango wa behewa, ngazi za treni ni ndefu hata kwa mimi mwenye magoti haya. Ubao wa ratiba ulioandikwa Kiswahili na Kifaransa, kwa sababu nusu ya jukwaa siku za meli wanatoka ng'ambo. Sehemu ya kuweka mzigo yenye mizani inayoonekana na mwenye mzigo. Mama lishe wapewe mahali pao rasmi wasifukuzwe kila wiki. Rangi ya ukuta iwe ya mwisho kabisa kwenye orodha, rangi ni rahisi, watu hupenda kuanza nayo kwa sababu inapiga picha vizuri.

Alafu kichumba kimoja, kimoja tu, cha kumbukumbu. Sio lazima makumbusho makubwa. Picha za watu wa gengi, taa za ishara, tiketi za zamani zile ngumu za karatasi nene, kengele. Najua viko majumbani kwenu humu, chini ya vitanda, vinaliwa na kutu. Mwalimu mmoja wa sekondari amekubali kuviorodhesha, kila kitu na jina la mwenye nacho, hakuna kitakachochukuliwa bila ruhusa yako, unaweza kuja nacho kikapigwa picha ukarudi nacho.

Mimi nimeanza. Hii hapa mezani ni nyundo ya baba, mpini nimeubadilisha mara moja ila kichwa ni kilekile. Na hiki ni kipande cha reli cha mkono mmoja alichopewa siku anastaafu, kina bolti mbili, moja nimeikaza jana kwa spana yake na nyingine nimeilegeza makusudi. Wewe kijana, ndio wewe wa paki ya magari, njoo hapa mbele, usiogope. Shika mpini hapa chini, usiushike juu. Piga hii. Haya, sasa piga ile.

Mmesikia huko nyuma? Haya, rudia tena, polepole, na nyie wengine mpange mstari, kila mmoja apige mara mbili.